Chuma cha Kasmiri kwenye Moto wa Machage

Kasmiri hakuwahi kuweka chuma kwenye moto. Hilo alilisema kwanza kwa kila mgeni aliyemkuta barazani akipiga tupa, hata kabla ya kumpa kiti. "Baridi," alisema, akikilaza kipande cha chuma kwenye kiganja cha mgeni. "Kishike mwenyewe. Baridi kabisa." Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Walikishika, wakakigeuza, wakamrudishia, ndipo wakakaa.

Alikuwa mume wa dada yangu Jeska, na kazi yake ilikuwa kupima pamba ya chama cha ushirika karibu na Nyamuswa. Msimu ukiisha na mizani kufunikwa turubai, alirudi kwenye visu vyake. Hakuviuza. Alitengeneza kimoja kwa muda mrefu, akampa mtu aliyempenda, kisha akaanza kingine. Chuma alikipata Bunda kwenye gereji, springi za lori zilizovunjika. Alizikata kwa msumeno wa chuma, akabana kipande kwenye jiriwa lililokazwa juu ya gogo, akakila kwa tupa nene, halafu nyembamba, halafu msasa, na mwisho kwa majivu na kitambaa chenye mafuta, mpaka ubapa ukaonyesha sura ya mtu. Mpini aliuchonga kwa pembe ya ng'ombe, akaukaza kwa vipande vya waya wa shaba alivyovigonga vichwa pande zote mbili. Ukiupitisha ukucha pale pembe inapokutana na chuma, haukwami.

Visu vyake vilikosa kitu kimoja. Springi hupikwa kiwandani ili ipinde na kurudi, si ili ishike makali. Ili ishike makali lazima ipashwe tena mpaka iwe nyekundu, izamishwe ghafla, kisha ipashwe kidogo ili isiwe kavu mno ikavunjika. Kasmiri alilijua hilo vizuri. Lakini katika watu wake moto wa chuma ulikuwa wa Waturi. Mturi alizaliwa mhunzi kutoka kwa mhunzi. Watu wengine hawakuoana nao, hawakukalia vigoda vyao, hawakuingia kibandani mwao wakati chuma ni chekundu. Waliamini kwamba aliyevuka mpaka huo angepata adhabu kwenye kizazi chake: mimba isingekaa, au mtoto angezaliwa bila pumzi.

Sisi ni watu wa Suguti, kando ya ziwa, na hatukulelewa na hofu hiyo. Jeska aliisikia baada ya kuolewa, akaichukulia kama mambo mengine ya ukweni ambayo mtu huyaitikia na kuendelea na kazi.

Mimba yake ya kwanza iliharibika. Ya pili pia. Baada ya hiyo ya pili mama mkwe wake, Nyamburi, alikuja akasimama mbele ya jiriwa.

"Chuma si chetu, Kasmiri."

"Mama, sikitii motoni. Nalala tu na tupa."

"Panya naye analala na ghala. Siku moja anaingia."

Nyamburi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa upande ule walipita mikononi mwake, na neno lake lilikuwa na uzito. Kasmiri aliweka tupa chini kwa msimu mzima. Kisha akairudia taratibu, kama mtu aliyeacha tumbaku.

Mwaka wa Operesheni, sabini na nne, tuliambiwa watu wote wakae vijijini. Nyumba ziliezuliwa, mabati na miti vikapakiwa, na watu waliokuwa wakikaa mbalimbali kilima kwa kilima wakapangwa kwenye mistari iliyonyooshwa kwa kamba. Waliopima viwanja walikuwa wageni. Hawakujua nani ni nani. Kiwanja cha Kasmiri kiliangukia ubavuni mwa kiwanja cha Machage, na Machage alikuwa Mturi. Kati yao palikuwa na safu ya minyaa iliyopandwa juzi, haijafika hata magotini.

Nyamburi alikwenda kwa Werema, mwenyekiti wa kijiji, kuomba wabadilishiwe. Werema alikuwa mtu wa utani mkali.

"Mama, hapa hakuna Waturi wala wasio Waturi. Kuna wanakijiji. Kama hamtaki majirani, rudini mlikotoka, mkalale ndani ya kuta zisizo na paa, mhesabu nyota."

Hivyo wakakaa. Kasmiri aliligeuza jiriwa lake ili akifanya kazi ampe Machage mgongo. Haikusaidia. Machage, mzee mfupi mwenye nyusi zilizoungua, alipenda kuegemea nguzo upande wake na kumchokoza, akimwita mura, yaani kijana.

"Mura, hicho kisu unakipigaga tupa tangu tumehamia. Kimeshakata nini?"

"Kitakata ulimi wa jirani."

"Ulimi wangu mgumu. Jaribu ugali kwanza, ukiwa bado wa moto."

Walicheka wote wawili, kila mtu upande wake wa minyaa. Hawakupeana kiti wala maji. Nadhani walipendana, kwa namna ambayo mpaka ule uliwaruhusu.

Kisha Jeska akashika mimba ya tatu, na hiyo ikakaa. Ikapita miezi ile ambayo zile mbili hazikuipita. Kasmiri akaacha kucheka na Machage. Alikuwa akitoka asubuhi, anaangalia moshi wa kibanda cha Machage unaelekea wapi. Ukielekea kwao, alimwambia Jeska aingie ndani afunge dirisha.

Lakini kisu hakukiacha. Hicho alikitengeneza kwa ajili ya baba yetu kule Suguti, ampelekee mkononi siku atakapompelekea mjukuu. Kilikuwa kirefu kuliko vyote alivyowahi kufanya, chembamba kuelekea ncha, na mgongo wake alikuwa ameula ukawa na mteremko mdogo ambao huwezi kuuona ila kwa kidole. Kilibaki mpini tu. Asubuhi moja ya mvua, Kasmiri akiwa shambani, Jeska alikitazama na akawaza jambo ambalo mtoto wa mvuvi angeliwaza: baba atakijaribu kwenye kamongo, yule samaki wa matopeni. Ngozi ya kamongo ni kama ya kiatu. Kisu kitapoteza makali kabla ya kufika tumboni, na wazee pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, watamcheka mkwe aliyeleta pambo.

Nilifika kutoka Musoma alasiri ya siku hiyohiyo. Nilikuwa karani mjini, na tulikuwa tumekubaliana nimchukue Jeska akajifungulie hospitali ya Musoma, lori likipatikana. Nilimkuta anachambua mchele, uso umejaa kitu anachokificha. Kasmiri alirudi kutoka shamba la ujamaa akiwa na matope hadi magotini, akanisalimu, na kabla hata ya kunawa akaenda kwenye jiriwa, kama kawaida yake, akabana kile kisu na kukipitishia tupa mara moja.

Tupa iliteleza. Haikuuma. Ilitoa mlio mwembamba, kama bati linalokwaruzwa.

Akapitisha tena, mlio uleule. Akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga. Karibu na makali kilikuwa na rangi ya nyasi kavu, na kuelekea mgongoni rangi hiyo ilikuwa inaingia kwenye zambarau.

"Jeska," aliita. "Nani amekishika hiki?"

Dada akatoka akicheka. "Umeona? Ilikuwa nikwambie kesho. Nimempelekea mzee Machage akakipika. Kaka, mwambie, baba atapasua nacho kamongo mpaka mkia."

"Uliingia?"

"Niliingia wapi?"

"Kibandani. Uliingia ndani?"

"Mvua ilikuwa inanyesha, ulitaka nisimame nje na tumbo hili? Tena mzee ana adabu, alinipa kigoda."

Kasmiri alikaa chini, palepale kwenye matope.

Jeska alicheka peke yake kwa muda kidogo. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, akarudi kwenye mchele wake.

Siku zilizofuata niliishi ndani ya nyumba ambayo hofu ilikuwa inahama kutoka mtu hadi mtu kama mafua. Kasmiri alimwuliza mke wake kila baada ya muda, "Amecheza?" Mwanzoni Jeska alijibu kwa kumkejeli: amecheza, amefunga goli. Baadaye alijibu ndiyo tu. Baadaye nilimwona amesimama jikoni, mwiko mkononi, mkono mwingine tumboni, anasubiri. Kasmiri alikuwa Mkatoliki, mtu wa kusali jioni na kufunga Kwaresima, na aliona haya. Alitundika rozari juu ya mlango. Kisha akaninong'oneza, "Shemeji, wewe umesoma. Niambie haya ni ujinga." Nikamwambia ni ujinga. Alinishukuru, na dakika ileile akatoka kwenda kutazama moshi.

Alimwambia mama yake, kwa sababu hakuweza kumficha. Nyamburi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alikusanya khanga zake akahamia kwa Petronila, mke mdogo wa jirani wa upande wa pili, akasema mikono yake haitamgusa Jeska mpaka lililofanywa lirudishwe. Lingerudishwaje, hakusema.

Ndipo Kasmiri akaenda kwenye minyaa. Nilikwenda naye. Machage alikuja bila kuegemea nguzo safari hii.

"Nilidhani umemtuma wewe," alisema kabla hajaulizwa. "Mungu anaona. Nikasema, kumbe huyu kijana ameshinda woga, anamleta mke wake mchana kweupe. Nikafurahi. Nikakipika vizuri kuliko jembe lolote."

"Mzee, mama amehama nyumba."

"Nimeona." Machage alipunguza sauti. "Sasa wewe unaogopa kitu kimoja, mimi naogopa viwili. Huyo mtoto akizaliwa mzima, hakuna atakayesema Machage amefanya nini. Akifa, watakuja hapa na viberiti. Zamani ningehama. Leo nihamie wapi? Kiwanja nimepewa na serikali, nikitoka nakamatwa." Mkono wake ulikuwa unachuma majani ya minyaa na kuyadondosha, utomvu mweupe ukimtiririka vidoleni. "Mpeleke Musoma, mura. Mpeleke mapema."

Lori la ushirika liliahidiwa. Mvua ikazidi. Mto uliokuwa kati yetu na barabara ya Bunda ukafunika kivuko, na siku ambayo lori lilitakiwa kuja, halikuja. Asubuhi hiyo, mapema kuliko tulivyotegemea, Jeska akashikwa na uchungu.

Werema, pamoja na utani wake wote, alitoa baiskeli yake na kumtuma mgambo Nyamuswa kumwita mganga wa zahanati. Kijana alirudi amelowa: mganga ameenda Bunda kuchukua dawa, amekwamishwa na mto huohuo. Ndani alikuwa Petronila, ambaye alikuwa hajazalisha mtu maishani mwake. Nje, chini ya upenu, alisimama Nyamburi, mikono ameifunga ndani ya khanga, maji ya bati yakimmwagikia mguuni. Hakusogea mbali. Hakuingia.

"Mama," Kasmiri alisema, "ingia."

"Nikimgusa hivihivi, namuua kwa mikono yangu. Unataka niwe mimi?"

"Mama, nakupigia magoti."

"Usinipigie mimi. Mwambie aliyekipika akirudishe."

Machage alikuwa amesimama upande wake, gunia kichwani kujikinga na mvua, anasikia yote. Aliita kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema na Nyamburi moja kwa moja.

"Mama Kasmiri! Hili sikufundishwa. Baba yangu hakuniambia nifanye nini mke wa watu akija na kisu. Lakini kuna kurudisha. Nikikipasha tena mpaka kiwe chekundu, kisha nikizike majivuni kipoe chenyewe, ule ugumu unatoka. Kinakuwa kama nilikuwa sijakigusa. Tupa itakiuma tena. Unakubali hivyo?"

Nyamburi alifikiri. Ndani Jeska alilia, sauti ndefu.

"Kikipoa," alisema, "nitaingia."

Kasmiri alikitupa kisu ng'ambo ya minyaa. Machage alikiokota, akaingia kibandani, na tukasikia mivukuto inaanza kuhema. Kasmiri alisimama kwenye safu ya minyaa akitazama. Kisu alichokuwa amekisugua kwa majivu na kitambaa mpaka kikaonyesha sura yake, sasa kilikuwa kinageuka cheusi, kisha chekundu kama kitunguu, kisha chekundu kama kaa lenyewe. Machage alikichukua kwa koleo, akakilaza ndani ya shimo la majivu makavu, akakifunika, akachuchumaa kando.

Sasa ilibaki kusubiri, na hapo nikaelewa tulichokikubali. Chuma kinachozamishwa kinapoa mara moja, lakini hicho ndicho kinachokifanya kigumu. Hiki kilitakiwa kipoe polepole kuliko chochote, na mtu aliyekuwa akihesabiwa muda alikuwa dada yangu.

Mvua ilipungua, ikarudi. Jeska alilia, akanyamaza, akalia. Kasmiri alikuwa akitembea kutoka minyaa hadi mlangoni na kurudi. Kila akifika minyaa aliuliza, na kila mara Machage alinyoosha kiganja juu ya majivu na kutikisa kichwa.

"Kitoe hivyohivyo!"

"Nikikitoa sasa kinakuwa kigumu tena. Hata upepo huu unatosha."

"Kitoe, nakwambia!"

"Mura, nitakuwa nimekipika mara mbili! Ndicho unachotaka?"

Petronila akatoa kichwa nje. Macho yake yalikuwa makubwa. Hakumtazama Kasmiri wala mimi, alimtazama Nyamburi.

"Mama, nimeona mguu. Si kichwa. Mguu."

Nyamburi aligeuka kuelekea kule kibandani, na sote tukageuka naye. Machage alikuwa amechuchumaa, kiganja juu ya majivu. Angeweza kusema lolote. Hakuna mmoja wetu ambaye angekwenda kutia kidole pale. Nilimwona akitaka kulisema, midomo yake ikafunguka, na nikamwomba moyoni aliseme.

"Kimepoa?" Nyamburi aliuliza.

Mzee yule aliondoa kiganja juu ya majivu. "Bado," alisema. "Bado, mama. Siwezi kukudanganya juu ya hili."

Nyamburi alisimama kidogo zaidi. Kisha alifungua mikono yake kutoka kwenye khanga, akainyoosha chini ya maji yaliyokuwa yanashuka kutoka batini, akaiosha hadi kwenye viwiko, polepole, huku machozi yakimtoka. Akataja jina la mama yake marehemu. Akaingia, akafunga mlango.

Sijui alifanya nini mle ndani. Nilisikia sauti yake tu, kavu, ikimwamuru Jeska asisukume, asisukume, sasa. Kisha kelele moja ya Jeska. Kisha kimya.

Kimya hicho ndicho Kasmiri alichokuwa amekisubiri kwa woga tangu tupa ilipoteleza. Mtoto bila pumzi. Hakulia. Alishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili na kuweka paji la uso juu yake. Kule upande wa pili Machage alikuwa amesimama, ametazama barabara, kama anayepima umbali. Ndani tulisikia makofi madogo, na Nyamburi akifyonza kitu na kutema, akifyonza na kutema, na kumtukana mtu kwa lugha ya kwao, sijui nani.

Kisha paka mdogo akalia. Ndivyo nilivyodhani. Akalia tena, kwa hasira zaidi.

Alikuwa msichana. Wakamwita Hana.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia Machage. Giza lilikuwa linakaribia nilipomwona bado yuko palepale kando ya majivu, gunia kichwani.

"Nimesikia," aliniambia. Kisha akamwita Kasmiri aliyekuwa ametoka kuchukua kuni. "Kimepoa sasa. Nichimbue, ujaribu tupa?"

Kasmiri aliziweka kuni chini. Nilijua anawaza nini. Kama tupa ikiuma, basi limerudishwa. Lakini mikono ya mama yake ilikuwa imeshamgusa mtoto kabla. Na kama ikiteleza, je?

"Acha, mzee," alisema. "Acha kilale."

Kiko hapo mpaka leo, kwa ninavyojua. Machage alihamishia shimo lake la majivu kona nyingine, na lile la zamani akaweka jiwe juu yake. Baba yetu wa Suguti alipelekewa mjukuu na kitenge. Jiriwa Kasmiri alilitoa kwa mafundi seremala wa kijiji, na tupa zikashika kutu kwenye mkebe. Wageni waliomwuliza juu ya visu aliwaambia macho yamechoka. Hakuwa amefika hata umri wa macho kuchoka.

Nyamburi alirudi kukaa nao, ila hakuzalisha mtu mwingine tena. Alisema mikono inamtetemeka, na ilikuwa kweli.

Baada ya miaka kadhaa, amri ilipolegea, watu walianza kurudi mmoja mmoja kwenye vilima vyao vya zamani, karibu na mashamba. Mistari ya kijiji ikawa na mapengo. Nilikwenda kuwatembelea nikitegemea kuwakuta wanafunga mizigo, maana hakuna aliyechukia kiwanja kile kama wao. Nilikuta Kasmiri anaezeka upya.

"Shemeji, huhami?"

"Nihame niende wapi?"

"Kwenu. Mlimani. Mbali na huyo."

Alishuka kwenye ngazi, akatazama kama mama yake hasikii. "Hatujui kama lilirudishwa," alisema. "Hana akiugua huko mlimani, nitamwita nani? Anayejua alichokifanya ni mmoja tu. Lazima awe karibu."

Jioni hiyo Hana, ambaye alikuwa ameanza shule, alikohoa mara mbili akila. Kikohozi cha mtoto yeyote, labda ni vumbi tu. Jeska hakuinua hata kichwa. Kasmiri aliweka tonge chini, akatoka. Nilimfuata kwa macho mpaka kwenye minyaa, ambayo sasa ilikuwa imempita urefu.

"Mzee, upo?"

"Nipo, mura. Nipo."

Akarudi, akanawa, akaendelea kula. Jeska aliniambia hufanya hivyo kila mara, mvua au jua. Kisha akaniambia jambo jingine, kwa sauti ndogo, akimtazama mumewe asisikie: tangu kiangazi kilichopita kibanda cha Machage kinakaa siku nyingi bila moshi, na asubuhi mzee mwenyewe anasikika akikohoa.